MZIGO UFUATAO MALI: Yafaa Kujua Kabla ya Kununua, Kukopa au Kuweka Rehani

Tuseme kuna mfugaji mmoja wa Hadado, katika Kaunti ya Wajir. Mvua zimenyesha, malisho yamerudi, naye amekusanya fedha zake baada ya kuuza mbuzi. Anakwenda mnadani, anamwona ngamia jike mwenye nundu iliyojaa na kiwele kizito. Anapatana bei na mwuzaji, mashahidi wawili wanasimama, fedha zinahesabiwa, kamba inakabidhiwa. Mwezi wa pili, penye maji, anafika mfanyabiashara mwenye karatasi mkononi, anamsalimu kwa adabu na kumwita ami kwa desturi ya Wasomali:

"Adeer, mtu aliyekuuzia ndiye mwenye ngamia kweli, wala sisemi kwamba aliiba. Lakini kabla ya kukuuzia alikopa fedha kwangu, akamwandika ngamia huyu kuwa dhamana. Deni halijalipwa."

Mnunuzi anashangaa. Hakuiba, hakudanganya, wala hakumnyima mtu haki yake. Fedha alizotoa ni za halali na mashahidi wake wapo. Hata hivyo, amenunua mnyama pamoja na deni ambalo hakulijua.

Mfano huu tumeutunga, na hakuna mtu wa Hadado anayesemwa humu. Lakini jambo lenyewe laweza kumpata mtu yeyote, awe mfugaji wa Wajir, mkulima wa Kisii, au karani wa Mombasa aliyenunua kiwanja kwa akiba ya miaka kumi. Kwa hiyo leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maana ya mali yenye mzigo, jinsi mzigo huo unavyopatikana, na namna ya kuutambua kabla haujawa hasara.

MAANA YAKE NINI

Wanasheria husema kwamba mali ina mzigo pale ambapo mtu mwingine, asiye mwenye mali, ana haki fulani juu ya mali hiyo, na haki hiyo inapunguza thamani yake au uhuru wa mwenyewe kuitumia. Mwenye mali hubaki kuwa mwenyewe. Aghalabu aweza hata kuiuza. Lakini anachouza ni mali pamoja na mzigo wake, kama mtu auzaye punda mwenye kidonda mgongoni: kidonda hakibaki kwa mwuzaji, bali huondoka na punda.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya deni la kawaida na mzigo wa mali. Nikikukopesha shilingi elfu tano kwa neno tu, deni liko juu yako wewe. Ukiuza ng'ombe wako wote, mimi sina la kumwambia aliyewanunua, nitakutafuta wewe. Lakini ukinipa haki juu ya ng'ombe fulani kwa utaratibu wa sheria, dai langu limeshikamana na ng'ombe huyo. Akienda kwa mtu mwingine, dai laenda naye. Kwa ufupi, deni la kawaida humfuata mtu. Mzigo huifuata mali.

Mizigo ni ya namna nyingi, lakini twaweza kuipanga katika mafungu manne.

Kwanza ni rehani, yaani mali kuwekwa dhamana ya deni. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na watu wa pwani wamelitumia tangu zamani.

Pili ni haki ya kutumia mali ya mwingine: haki ya kupita katika shamba la jirani, haki ya kuteka maji, au haki ya mpangaji kukaa mpaka muda wake uishe.

Tatu ni mazuio. Mtu anayedai haki juu ya kiwanja aweza kumwomba Msajili wa Ardhi aandike zuio katika daftari, ili kiwanja kisihamishwe kabla madai yake hayajasikilizwa. Mahakama nayo yaweza kutoa amri kwamba mali isiuzwe mpaka kesi iishe.

Nne ni zile haki ambazo zina nguvu hata kama hazikuandikwa popote. Hizi ndizo zinazowaponza watu wengi, nasi tutazirudia.

Tusidhani kwamba kila mzigo ni mbaya. Njia ya mifugo ipitayo katika ardhi kwenda penye maji ni mzigo juu ya ardhi hiyo, kwa sababu mwenyewe hawezi kuiziba. Lakini wakati wa kiangazi njia hiyo ndiyo uhai wa mifugo. Kadhalika rehani imewasaidia watu wengi kusomesha watoto au kununua pampu ya maji. Ubaya huja pale ambapo mzigo haujulikani kwa yule atakayeubeba.

ARDHI YA HADADO NI YA NANI

Mtu hawezi kuweka rehani kitu kisichokuwa chake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ikiwa ardhi ina mzigo, hapana budi kuuliza ardhi ni ya nani.

Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa mpango wa kilimo uliojulikana kwa jina la Bwana Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo. Miongoni mwa makusudi yake ilikuwa kumpa mkulima Mwafrika hati ya shamba lake, ili apate usalama wa ardhi na pia aweze kukopa fedha kwa dhamana ya shamba hilo. Hivyo hati iliingia vijijini ikiwa na mambo mawili pamoja: kinga ya mwenye shamba, na uwezo wa kulitia shamba lake deni. Katika nchi ya milima ya kati watu wengi walipata hati hizo.

Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Mfugaji hufuata mvua, na ardhi haikugawanywa vipande vipande. Baada ya uhuru sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa ardhi ya amana, iliyoshikwa na mabaraza ya kaunti kwa ajili ya wakaaji. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, ilibadili jambo hili na kusema kwamba ardhi ya jamii ni mali ya jamii zenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaeleza utaratibu wake.

Sheria hiyo yasema hivi: mpaka ardhi ya jamii iandikishwe, serikali ya kaunti huishika kwa amana tu. Kaunti haina ruhusa kuiuza, kuihamisha wala kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Ikiwa ardhi hiyo itachukuliwa kwa sheria kwa ajili ya kazi ya umma, kama barabara, fedha za fidia hushikwa na kaunti kwa niaba ya jamii katika akaunti maalum yenye faida, mpaka jamii iandikishe ardhi yake.

Jamii ikiisha kuandikishwa, huchagua kamati ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15 kusimamia ardhi. Lakini kamati si mwenye ardhi. Uamuzi wa kuitoa ardhi mikononi mwa jamii hauna nguvu mpaka ukubaliwe na angalau theluthi mbili za watu wazima walioandikishwa. Mtu mmoja aweza kugawiwa sehemu ya kutumia, lakini hapati hati yake mwenyewe iliyo juu ya hati ya jamii.

Basi mtu akija Hadado na kukuambia, "Nitakukopesha fedha, nawe uniandikie malisho haya," au mtu mwingine akikuambia, "Nimenunua eneo hili la malisho kutoka kwa mzee fulani," jibu ni moja. Mzee mmoja, hata awe na heshima namna gani, hawezi kuitwisha mzigo ardhi ambayo ni ya wote. Wala wajumbe wa kamati hawawezi wakiwa peke yao chini ya mti.

Viwanja vya mjini navyo vina hatari yake. Watu wengi wameshika barua ya kugawiwa kiwanja na kuihesabu kuwa hati. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba barua ya kugawiwa, peke yake, haimpi mtu hatimiliki. Ni ahadi yenye masharti. Anunuaye kiwanja kwa barua ya namna hiyo ajue kwamba ananunua ahadi ya mtu mwingine, pamoja na kila sharti ambalo halijatimizwa.

HAKI ISIYOANDIKWA

Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba mwenye jina katika hati ndiye mwenye ardhi, lakini ardhi hiyo huwa chini ya mizigo iliyoandikwa katika daftari. Wengi huishia hapo. Lakini kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo chataja haki nyingine zinazoifunga ardhi hata kama daftari halisemi neno. Miongoni mwake ni amana za kimila, haki za njia, haki za maji zilizokuwapo wakati ardhi ilipoandikishwa mara ya kwanza, upangaji wa muda usiozidi miaka miwili, na kodi za ardhi ambazo sheria imezifanya kuwa dai juu ya ardhi yenyewe.

Amana ya kimila ni nini? Ni hali ambapo ardhi ya ukoo imeandikwa kwa jina la mtu mmoja, aghalabu kaka mkubwa, lakini aliishika kwa niaba ya wote. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua shauri moja lililotoka Meru kuhusu ardhi ya namna hiyo. Majaji walisema kwamba amana ya kimila ni haki inayoifunga ardhi ijapokuwa haikuandikwa katika daftari, na kwamba mdai si lazima awe anaishi juu ya ardhi ile. Anayepaswa kuithibitisha ni mdai. Akithibitisha, hati ya aliyeandikishwa haitoshi kumfukuza.

Maneno haya yawahusu wafugaji pia, maana mila zao zina madai yasiyo na karatasi. Wasomali wana desturi iitwayo irmaansi, yaani kumpa jamaa au jirani mwenye shida ngamia wa maziwa, amkamue kwa ajili ya watoto wake mpaka maziwa yakauke. Ngamia hubaki wa mwenyewe, na alama yake ya moto husema hivyo. Lakini maziwa yana mlaji, naye ana haki ya kuheshimiwa. Mwenye ngamia akimwuza katikati ya msimu bila kumwambia mjane aliyempa, amevunja ahadi iliyowalisha watoto. Aliyepewa naye akimwuza, amefanya baya zaidi, maana ameuza kisicho chake.

Madai ya namna hii hulindwa na wazee, ambao humjua kila ngamia na habari zake. Lakini mnunuzi kutoka mbali hajui alama wala habari. Hapo ndipo dai lisiloandikwa linapogeuka kuwa ugomvi.

NGAMIA KUWA DHAMANA

Kwa muda mrefu mfugaji alikuwa na mali nyingi lakini mbele ya benki alionekana kama mtu asiye na kitu. Benki ilitaka hati ya ardhi, naye ardhi yake ilikuwa ya jamii. Mwaka 2017 Kenya ilitunga sheria ya haki za dhamana juu ya mali inayohamishika. Kwa sheria hiyo mtu aweza kukopa kwa dhamana ya gari, mashine, mazao yaliyoko shambani, na hata mifugo. Mkopeshaji huandikisha taarifa katika daftari la kielektroniki, na daftari hilo hutafutwa kwa namba ya kitambulisho cha mwenye mali.

Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Katika sheria ya Kiislamu rehani aghalabu hukabidhiwa mkononi mwa anayedai. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yawaamrisha waumini kuandika deni lenye muda mbele ya mashahidi. Na aya ifuatayo yataja rehani iliyokabidhiwa, kwa mtu aliye safarini asiyempata mwandishi. Imepokewa pia katika hadithi kwamba Mtume mwenyewe aliweka deraya yake ya vita rehani kwa Myahudi mmoja ili apate shayiri kwa watu wa nyumba yake. Rehani ya namna hiyo huonekana kwa macho. Deraya ikiwa nyumbani kwa mkopeshaji, hakuna atakayeinunua kwa mwenyewe bila kuuliza.

Lakini kwa sheria ya mwaka 2017 ngamia aliyewekwa dhamana hubaki zizini kwa mwenyewe. Anakula pamoja na wenzake, ana alama ile ile, na hakuna kinachomwonyesha kuwa ana mzigo. Mzigo wake uko katika daftari tu. Kwa mkopaji hii ni faida, maana anaendelea kupata maziwa. Kwa mnunuzi ni hatari, kwa sababu jicho la mzee linalosoma alama ya moto haliwezi kusoma daftari la kielektroniki.

Sheria imeweka kinga fulani kwa mtu anunuaye bidhaa kwa mfanyabiashara katika biashara yake ya kila siku, bila kujua kwamba mauzo hayo yanavunja haki ya mkopeshaji. Lakini mtu asitegemee kinga hiyo kwa kila ununuzi. Anayenunua kwa jirani aliyeshikwa na shida, na hasa kwa bei ya chini kupita kiasi, ana sababu ya kuuliza mara mbili.

Tena wakopeshaji wakiwa wawili juu ya mnyama mmoja, kwa kawaida aliyetangulia kuandikisha ndiye anayetangulia kulipwa. Kwa hiyo hata mkopeshaji naye yampasa kulitazama daftari kabla ya kutoa fedha zake.

UKAME NA DENI

Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mifugo mingi sana ilikufa, na katika Wajir mizoga ilikuwa kando ya barabara. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wa kutosha alibaki na wachache.

Sasa ulize: ikiwa mnyama aliyewekwa dhamana amekufa kwa njaa, deni limekufa naye? La. Dhamana imepotea, lakini ahadi ya kulipa ingalipo, isipokuwa mkataba unasema vingine. Deni halifi pamoja na ngamia. Mkopeshaji aweza kudai fedha zake kutoka katika mali nyingine ya mkopaji kwa njia ya mahakama.

Kwa sababu hiyo mfugaji asikope kwa hesabu ya mwaka wa mvua peke yake. Ajiulize atalipa nini mvua isiponyesha. Bima ya mifugo yaweza kusaidia. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bima ya mifugo ukianzia Turkana na Wajir, ambao ulikuwa ukilipa kwa kutazama hali ya malisho kwa picha za setilaiti. Lakini mwenye bima asome nani atakayepokea malipo hayo, yeye au mkopeshaji wake, maana mkataba wa mkopo waweza kuyataja.

Kadhalika mtu akifa akiwa na deni, warithi wasikimbilie kugawana. Katika sheria ya Kiislamu deni la marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawiwa. Kadhi ana mamlaka ya kusikiliza mambo ya ndoa, talaka na urithi wa Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Lakini mashauri juu ya hati za ardhi hupelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

FUNZO KUTOKA UNGUJA NA PEMBA

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya leo. Sivyo. Tazama yaliyotokea visiwani Unguja na Pemba. Wenye mashamba ya mikarafuu walikuwa matajiri kwa jina, lakini wengi wao walikopa kwa wafanyabiashara kila msimu ili kulipa wachumaji na kuendesha nyumba. Bei ya karafuu ikishuka, deni likabaki, na msimu unaofuata wakakopa tena.

Kwa kuwa riba ni haramu kwa Mwislamu, palitumiwa njia ya bei ya khiari: mwenye shamba hulisema kuwa ameliuza, akabaki na haki ya kulinunua tena, na wakati huo huo hukaa humo akilipa kodi. Kwa maneno ilikuwa biashara. Kwa kweli ilikuwa rehani, na kodi ile ikasimama mahali pa riba. Mwaka 1934 hali ilikuwa mbaya hata Serikali ya visiwa ikatunga sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiendelee kuhamia kwa wadai wao, na kusimamisha kwa muda udai wa madeni hayo.

Funzo ni kwamba jina la mkataba halibadili uzito wake. Karatasi yaweza kuitwa mauzo, ushirika au msaada. Ikiwa mwisho wake ni kwamba usipolipa mali yako itachukuliwa, basi umeitwisha mali yako mzigo.

HAKI ZA MKOPAJI

Wengi wakiisha kushindwa kulipa huona aibu, wakanyamaza mpaka dalali abishe hodi. Hilo ni kosa, kwa sababu sheria imempa mkopaji nafasi za kujiokoa. Kwa ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani ni dhamana tu. Haimfanyi mkopeshaji kuwa mwenye ardhi. Mkopaji akikosa kulipa, na kosa likaendelea kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kumpa ilani ya maandishi kueleza kosa na kiasi kinachotakiwa, na kumpa muda usiopungua miezi mitatu kurekebisha. Muda huo ukipita naye akitaka kuuza, hana budi kutoa ilani nyingine na kungoja siku 40.

Tena mkopeshaji anapouza yampasa kutafuta bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo. Hana ruhusa kuitupa mali kwa rafiki yake kwa bei ya bure. Fedha zikizidi deni na gharama, na hakuna mdai mwingine, salio ni la mwenye ardhi. Na kabla mauzo hayajakamilika, mwenye ardhi aweza kulipa deni lote na kuikomboa mali yake.

Nyumba ya familia ina kinga zaidi: rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila idhini ya mume au mke. Na kwa mashamba ya kilimo yaliyo chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967, rehani huhitaji kibali cha baraza la ardhi la mahali hapo. Bila kibali hicho mapatano huwa batili. Kwa mifugo na mali nyingine inayohamishika taratibu ni tofauti, kwa hiyo msomaji asome mkataba wake, au asomewe na mtu anayemwamini, kabla ya kutia kidole.

MAMBO YA KUFANYA

Twawashauri wasomaji wetu hivi:

1. Ununuapo ardhi yenye hati, usitosheke kuiona hati. Nenda kwa Msajili wa Ardhi, lipa ada, uombe taarifa rasmi ya daftari. Hapo utaona rehani, mazuio na amri za mahakama.

2. Kisha nenda kwenye ardhi yenyewe. Tazama njia zipitazo, visima, makaburi na watu wanaoishi humo. Waulize majirani. Kuna haki ambazo daftari halizisemi, lakini nyayo za watu huzisema.

3. Ununuapo mnyama wa thamani kubwa kwa mtu usiyemjua, omba namba ya kitambulisho chake na utafute katika daftari la dhamana. Kama hujui kutumia kompyuta, mwombe karani au kijana aliyesoma akusaidie. Pamoja na hayo, waulize wazee juu ya alama ya mnyama na kama maziwa yake yana mlaji.

4. Ukopapo, andika ni mnyama gani umemweka na ni nani hukumweka. Uliza wazi kama ndama watakaozaliwa wamo katika dhamana.

5. Ukiisha kulipa, usitosheke na shukrani. Hakikisha mkopeshaji ameufuta mzigo katika daftari, na uweke risiti yako mahali salama. Mzigo uliolipwa lakini haukufutwa waweza kumsumbua mwanao miaka ishirini baadaye.

6. Umpapo jamaa ngamia wa maziwa, waite mashahidi, na ikiwezekana andika maneno machache. Karatasi haivunji undugu, huulinda.

Turudi kwa yule mnunuzi wetu penye maji. Ikiwa ni mtu mwenye hekima, atamwita mwuzaji na mfanyabiashara mbele ya wazee, kila mmoja aonyeshe karatasi yake. Labda mwuzaji ataamriwa kulipa deni kwa fedha zile zile alizopokea, na ngamia atabaki kwa mnunuzi akiwa huru. Labda fedha zimekwisha kuliwa, na shauri litakwenda mahakamani. Vyovyote iwavyo, atapoteza siku nyingi na usingizi kwa ajili ya swali ambalo lingechukua nusu saa kabla ya kukabidhiwa kamba: "Je, kuna mtu mwingine mwenye haki juu ya mnyama huyu?"

Wazee wetu walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Lakini kwa mtu ambaye hakukopa, naye hataki kulipa deni la mwingine, dawa ni kuuliza mapema.